Kibo Gold na kiwanda cha bia cha Moshi: nani alikijenga, nani alikifunga

SWALI

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la bia hapa Moshi, na nyumbani bado tuna opena yenye jina la Kibo Gold. Wanangu hawaamini kwamba mji huu uliwahi kuwa na kiwanda cha bia kilichoitwa Kibo Breweries. Wazee ninaowauliza wamegawanyika. Wengine wanasema Tanzania Breweries (TBL) ilikinunua ili ikiue, wengine wanasema Wakenya walishindwa biashara wakaondoka. Ukweli ni upi? Kilitengeneza bia gani, na zilikwenda wapi? Je, Kibo Gold inaweza kurudi?

Msomaji, Moshi

JIBU

Dada yangu, kiwanda kilikuwapo. Wanao wakikubishia tena, wapeleke kwa mtu yeyote wa makamo aliyezoea baa za Kiboriloni au Majengo miaka ile. Kibo Breweries Limited ilianzishwa na kampuni ya Kenya, East African Breweries (EABL), katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Ilipika bia Moshi kwa miaka michache tu, kisha ikafungwa mwaka 2002.

Wazee wako kila upande una kipande cha ukweli. Ni kweli TBL iliichukua Kibo. Ni kweli pia Wakenya waliondoka. Lakini wote wanakisimulia kiwanda cha Moshi kana kwamba kilikufa peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Mwaka uleule, kwa makubaliano yaleyale, kilifungwa kiwanda kingine cha bia Thika, nchini Kenya. Kiwanda cha Moshi kilibadilishanwa na cha Thika. Bila Thika, habari ya Moshi haina kichwa wala miguu, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo.

Wakenya hawakuwa wageni Tanzania walipokuja Moshi. Kampuni yao ilianza mwaka 1922 Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi, kwa jina la Kenya Breweries, ikianzishwa na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata akiwa mawindoni, na ndiyo asili ya jina Tusker na yule tembo wa kwenye lebo. Mwaka 1935 kampuni hiyo ilinunua Tanganyika Breweries ya Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikajiita East African Breweries kwa sababu sasa ilikuwa na miguu katika nchi mbili. Kwa zaidi ya miaka thelathini, bia ya Dar es Salaam na bia ya Nairobi zilikuwa za mwenye mali mmoja.

Azimio la Arusha la 1967 likabadilisha mambo. Serikali ilichukua hisa nyingi katika viwanda kadhaa, vya bia vikiwamo, na taratibu Tanzania Breweries, yaani ile Tanganyika Breweries ya zamani, ikawa shirika la umma kama mengine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mwaka huohuo ndipo Safari Lager ilipoingia sokoni. Mpaka ulifunguliwa tena 1983.

Miaka ya 1980 wakubwa wenu wanaikumbuka vizuri. Fedha za kigeni hazikuwapo, vipuri havikuwapo, kimea kilichelewa, chupa zilikuwa haba, na hata bia ilipopatikana haikuwa na ladha moja wiki hii na wiki ijayo. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya muongo ule, bia ya nje iliingia kwa kasi, na kwa watu wa Kaskazini bia ya nje maana yake ilikuwa hasa ya Kenya. Ilipita Holili, ilipita Namanga, nyingine kwa karatasi, nyingine kwa njia za panya. Kwa hiyo zamani sana kabla Kibo Breweries haijajengwa, mtu wa Moshi alikwishaizoea Tusker. Ukitaka kujua kwa nini EABL ilichagua Moshi badala ya Dodoma au Tanga, anzia hapo.

Mwaka 1993 serikali ilikubali kugawana TBL na mbia. Mbia huyo hakuwa Mkenya. Alikuwa South African Breweries, SAB, kampuni iliyofungiwa ndani ya Afrika Kusini na jirani zake wakati wa ubaguzi wa rangi, na ambayo sasa ilikuwa na fedha nyingi na hamu kubwa ya kwenda kaskazini. Ilichukua nusu ya hisa na uendeshaji wote. Ikatengeneza mitambo, ikashughulikia chupa na magari ya usambazaji, na katika miaka michache TBL ikaanza kurudisha wanywaji wake. Kilimanjaro Lager ilitoka 1996. Mwaka 1998 TBL ikaandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, likiwa bado changa kabisa.

Hebu jiweke mahali pa wakurugenzi wa EABL pale Ruaraka. Nyumba uliyoijenga tangu 1935 sasa anaishi mtu mwingine, na anaipaka rangi mpya. Soko la Tanzania, ambalo ulikuwa unaliuzia kreti kwa malori, linakuponyoka, kwa sababu kila kreti inayovuka mpaka inalipa ushuru wa forodha na ya TBL hailipi. Kumbuka kwamba Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilikuwa haijazaliwa. Mkataba wake ulitiwa saini Novemba 1999, na umoja wa forodha ukaja 2005. Katika miaka ya 1990 njia pekee ya kushindana kwa bei ilikuwa kupikia bia ndani ya nchi.

Ndiyo Kibo Breweries. Moshi ilikuwa na kila sababu. Maji ya mlima yapo. Mpaka uko jirani, kwa hiyo vipuri, mafundi na hamira vinafika kutoka Nairobi kwa siku moja. Shayiri inalimwa West Kilimanjaro, Monduli na Karatu. Kuna fedha za kahawa, za watalii na za biashara ya mpakani. Na kuna watu ambao bia kwao haikuletwa na mkoloni. Mchaga alikuwa anapika mbege yake ya ndizi na ulezi kabla ya chupa ya kwanza kufika Kilimanjaro, na mpaka leo posa, matanga na usuluhishi wa ugomvi havikamiliki bila hiyo. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba kuuza bia Kilimanjaro ni kuwauzia watu wanaojua kuhukumu. Hata jina lilichaguliwa kwa akili. TBL ilikuwa imechukua jina la Kilimanjaro, basi wao wakachukua kilele chake.

Kiwanda cha Moshi kilipika bia za Kenya, Tusker ikiwa mbele, pamoja na bia yake yenyewe, Kibo Gold. Hii ya mwisho ndiyo mnayoikumbuka, na ni haki, kwa sababu ndiyo pekee iliyozaliwa na mji wenu. Ilikuwa lager kama ndugu zake wote wa Afrika Mashariki: rangi ya dhahabu, gesi ya kutosha, uchungu mdogo. Kwa faida ya wanao nieleze kidogo inavyopikwa. Shayiri hulowekwa iote kidogo, kisha hukaushwa, ndiyo kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na hopsi, maua yanayotoa uchungu na harufu, hupozwa, kisha hutiwa hamira. Hamira ya lager hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi kumi na kitu tu, na baada ya kuchachuka bia hulazwa kwenye matangi ya baridi kwa wiki kadhaa itulie na kung'aa. Wapishi wetu wa Afrika Mashariki huongeza sukari ya miwa au wanga wa mahindi juu ya kimea. Bia inakuwa nyepesi na kavu, inayonyweka juani, na gharama ya kimea inapungua. Anayesema bia ya kweli lazima iwe shayiri tupu anatumia sheria ya Wajerumani kuhukumu watu wa Pasua, hapo Moshi.

Hapo utaona pia kwa nini kiwanda cha bia si biashara ya kufungua na kufunga ovyo. Matangi, mitambo ya ubaridi, boila, mashine ya kuosha na kujaza chupa, vyote vinagharimu fedha nyingi kabla hujauza hata chupa moja, na vinakula umeme vikiwa vimejaa au vikiwa nusu. Kiwanda kinachofanya kazi kwa nusu ya uwezo wake kinatengeneza bia ghali, hata kama wapishi ni hodari kiasi gani.

Sasa twende Thika. SAB nayo haikukaa kimya. Mwaka 1998 ilianza kupika bia Thika kupitia kampuni yake Castle Brewing Kenya. Kinywaji chake kikuu kilikuwa Castle Lager, bia ya Afrika Kusini yenye historia ya tangu miaka ya 1890 wakati wa machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, Mkenya aliyeingia baa aliweza kuchagua kati ya makampuni mawili ya lager yanayopikia nchini kwake. EABL ilijibu kwa kuifanya Tusker kuwa suala la uzalendo, na Castle ikaonekana mgeni aliyekuja kulala kitanda cha mwenyeji. Matangazo yalitapakaa, friji na mabango yaligawiwa bure kwenye baa, mawakala walibembelezwa na kutishwa kwa zamu.

Vita hivyo vilikuwa na upande mmoja ambao wanywaji hawauoni, yaani chupa. Bia yetu inauzwa kwenye chupa inayorudi. Kampuni inayoingia sokoni lazima imiliki chupa mara kadhaa ya bia inayouza kwa wiki, kwa sababu nyingine ziko baani zinanywewa, nyingine ziko kwa wakala zimejaa, nyingine ziko njiani zikirudi tupu, na nyingine zimebaki uvunguni mwa kitanda cha mtu zikingoja mafuta ya taa. Kreti vilevile. Kampuni kongwe ina chupa zilizolipiwa zamani. Mgeni analipia zake zote kwa mpigo. Baba yako, kama dereva, nusu ya kazi yake ilikuwa kurudisha matupu, na nina hakika alisikia lawama zaidi kwa kreti pungufu kuliko kwa bia iliyochelewa.

Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na hali hii. Moshi, EABL ilikuwa na kiwanda kwenye soko ambalo TBL ya SAB ilikuwa imelishika, ikiwa na viwanda Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Arusha iko saa moja na nusu tu kutoka mjini kwenu. Thika, SAB ilikuwa na kiwanda kwenye soko ambalo EABL ilikuwa imelishika tangu 1922. Kila mmoja alikuwa mgeni anayepoteza fedha kwenye uwanja wa mwenzake, na kila mmoja alilazimika kutumia fedha nyumbani kumzuia mwenzake. Katika Uganda pia walikutana, EABL na Uganda Breweries ya Port Bell, SAB na Nile Breweries ya Jinja, lakini kule nguvu zililingana zaidi, na ndiyo maana Uganda haikuingizwa kwenye makubaliano yaliyofuata. Waganda wakaendelea kubaki na ushindani wao.

Mwaka 2002 wakubwa hao walikaa mezani. Makubaliano yalikuwa hivi. TBL iliichukua Kibo Breweries, na EABL ikapewa asilimia 20 ya hisa za TBL. Upande wa pili, Castle Brewing Kenya ilikabidhiwa kwa Wakenya, na SAB, iliyoungana mwaka huohuo na Miller ya Marekani na kuitwa SABMiller, ikapewa asilimia 20 ya Kenya Breweries, kampuni tanzu ya EABL. Kiwanda cha Thika kilifungwa Mei 2002. Cha Moshi nacho kikaacha kupika bia. Castle kwa Wakenya ikaanza kupikwa na Kenya Breweries kwa leseni. Tusker kwa Watanzania ikaanza kupikwa na TBL kwa leseni.

Soma tena hizo sentensi polepole, dada. Hakuna shilingi iliyopita mkononi kama mnunuzi anavyomlipa muuzaji. Kiwanda kililipwa kwa hisa, na hisa zenyewe zilikuwa za mshindani. Tangu siku hiyo EABL ilikula faida kila TBL ilipouza Safari, na SABMiller ilikula faida kila Tusker ilipofunguliwa Nairobi. Nani tena angekuwa na haja ya kupigana?

Ndiyo maana wanaosema "TBL ilikinunua ili ikiue" wako karibu na ukweli lakini wanamwachia mmoja lawama ya wawili. TBL haikuvamia. EABL ilikitoa, tena kwa bei iliyoiridhisha. Na wanaosema "Wakenya walishindwa" nao wanakosea kuhusu maana ya kushindwa. Kiwanda cha Moshi hakikuweza kuishinda TBL, sawa, lakini hakikuondoka mikono mitupu. Asilimia 20 ya TBL ilikuwa mali nono kuliko kiwanda kilichofanya kazi vizuri. Sina ushahidi kwamba kilijengwa kwa nia ya kubadilishanwa, na siamini hivyo. Lakini kufikia 2001 thamani yake kubwa kwa mwenyewe ilikuwa usumbufu kilioweza kumletea TBL. Thika nayo hivyohivyo.

Waliolipia ni wengine. Wafanyakazi wa viwanda vyote viwili, mawakala waliokopa kununua malori na kreti, mama wa baa aliyekuwa anapata friji ya bure kwa sababu kampuni mbili zinamgombania. Wanywaji walipoteza kitu kisichoonekana kwenye chupa, yaani uwezo wa kumkomoa mpishi mmoja kwa kumhamia mwingine. Kenya wakati ule ilikuwa na tume ya kudhibiti ukiritimba na bei chini ya sheria ya 1988, ikikaa ndani ya Wizara ya Fedha, na haikuwa na meno ya kuwatisha watu wa ukubwa huu. Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani tunayoitumia sasa mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya Kibo kufungwa. Huwa nashindwa kuzuia kicheko kichungu ninapofika hapo.

Kibo Gold yenyewe haikufa siku kiwanda kilipofungwa, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Jina lilihamia TBL pamoja na kampuni, na TBL ikaendelea kuipika na kuiuza kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mtu wa Singida anaweza kukuapia kwamba alikunywa Kibo Gold muda mrefu baada ya 2002, naye hasemi uongo, ila hakunywa bia ya Moshi. Ukipata lebo au kreti ya zamani, usiangalie jina kubwa, angalia maandishi madogo ya mtengenezaji. Ikisema Kibo Breweries Limited, Moshi, una kitu cha kiwanda chenu. Ikisema Tanzania Breweries, ni ya baadaye. Opena peke yake haiwezi kukupa jibu isipokuwa kama imeandikwa zaidi ya jina la bia. Kuna mkanganyiko mwingine wa mjini: TBL iliendelea kuwa na kiwanda cha kimea Moshi, hivyo wanaosema "mbona TBL Moshi ilikuwapo hadi juzi" wanazungumzia shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, wala si bia.

Je, ladha ilibadilika? Bia inayopikwa kwa leseni hufuata maelekezo ya mwenye jina: hamira yake, viwango vyake, vipimo vya maji yaliyorekebishwa chumvi. Mpishi mzuri anaweza kukaribia sana. Lakini kiwanda kingine kina matangi ya umbo tofauti, mabomba tofauti, hewa tofauti inayopenyeza wakati wa kujaza chupa, na mnywaji wa siku nyingi huhisi. Wapo wazee wa Kilimanjaro wanaoapa kwamba Tusker ya Moshi ilikuwa tofauti na Tusker iliyokuja baadaye. Nawaamini kwa sehemu. Sehemu nyingine ni ujana wao.

Amani ya 2002 haikudumu hata miaka kumi. EABL ililalamika kwamba Tusker haipewi nafasi ya haki na TBL, na kule Kenya SABMiller ilianza kurudi kwa mlango wa nyuma kupitia kampuni ya maji ya chupa iliyoinunua. Kukawa na mashauri na usuluhishi. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa imezaa mshindani wa nyumbani, Serengeti Breweries (SBL), iliyotokana na Associated Breweries ya Dar es Salaam, na Serengeti Lager yake ilikuwa inaisumbua TBL kwelikweli. Mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51 ya Serengeti. Safari hii Tume ya Ushindani ilikuwapo na ikasema jambo ambalo lingepaswa kusemwa 2002: huwezi kuwa mwenye nyumba hii na mpangaji wa ile. Mkitaka Serengeti, uzeni hisa za TBL.

Wakauza. Mwishoni mwa 2011 hisa takriban milioni 59 za TBL zilitolewa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa shilingi 2,060 kila moja. Zaidi ya shilingi bilioni 120, na chanzo chake ni kiwanda kile mnachobishania mezani na wanao. Mwaka uleule EABL ilizinunua tena zile asilimia 20 za Kenya Breweries kutoka kwa SABMiller, kwa karibu shilingi bilioni 20 za Kenya. Ndoa ikavunjika rasmi pande zote mbili. SABMiller yenyewe ilimezwa na AB InBev mwaka 2016, na ndiyo inayoimiliki TBL kwa sehemu kubwa hadi sasa.

Moshi haikubaki kavu. Serengeti Breweries, ikiwa tayari chini ya EABL, ilifungua kiwanda cha bia Moshi, cha tatu baada ya Dar es Salaam na Mwanza. Maana yake Wakenya wale wale waliokitoa kiwanda cha Moshi mwaka 2002 wanapika tena bia Moshi leo, na kwa sababu zilezile: maji, shayiri ya jirani, mpaka, na watu wa Kaskazini.

Kuhusu swali lako la mwisho, kwa nini basi wasirudishe Kibo Gold? Hawawezi kwa hiari yao, kwa sababu jina waliliacha mezani pamoja na kiwanda. Waliopo Moshi wakiwa na matangi hawana jina, na wenye jina ni TBL, ambao wanapikia bia kwingine. TBL wakitaka kesho wanaweza kuitoa tena bila kumuomba mtu. Kibiashara sioni wakifanya hivyo, kwani wana Kilimanjaro inayouza mlima uleule vizuri zaidi. Ila majina ya zamani hufufuliwa mara nyingi katika biashara hii pale kampuni inapotafuta bia ya bei nafuu kwa mkoa mmoja, na mkoa wa kuanzia kwa jina hilo unaujua.